Kitufe cha Mwezi

Mimi ni mtu wa dharau, na niseme mapema ili nisije nikaambiwa nilijificha. Sikuzaliwa nayo. Niliipata kazini. Ukikaa miaka mingi katika mji huu ukiandika programu za kompyuta, na kila baada ya muda linakuja kundi la vijana na lugha yao mpya kukwambia kwamba yako imekufa, utaota dharau tu, hata kama swala tano hazikupiti.

Lugha ninazozisema si Kiswahili wala Kiarabu. Ni zile za kuiamrisha kompyuta ifanye kazi. Yangu mimi ni PHP. Nilijifunza nilipokuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya Vuga, kwa kitabu kilichotolewa kopi, kurasa nyengine zimekatwa maneno pembeni, nikawa nakisia. Sikuichagua kwa ubora wake. Kitabu kilikuwa kimoja na lugha iliyomo ilikuwa hiyo. Lakini imenilisha, imenisomeshea watoto, na programu nilizoziandika kwayo zinafanya kazi mpaka leo, jambo ambalo mabingwa wa lugha mpya hawapendi kulisikia.

Kuna hoteli moja Uroa, ufukweni, nilimwandikia mwenye hoteli programu ya kupokea wageni. Ilikaa miaka sita haijamsumbua. Akaja mpwa wake, katoka kwenye semina ya siku tatu, akamwambia mjomba wake, "Hii ya kizamani." Ikaandikwa upya kwa lugha nyengine. Haijamalizika, lugha ile nayo ikaonekana imepitwa, ikaanzwa tena kwa ya tatu. Mwaka jana nilipita pale kunywa dafu, nikaona mezani kwa mpokezi daftari kubwa la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Wageni wanaandikwa kwa mkono! Nilicheka mpaka maji ya dafu yakanipalia, na yule mpwa alikuwa amesimama karibu, akajitia anatazama simu.

Basi mnajua sasa mnazungumza na nani.

Kazi yangu niliyokuwa naionea fahari kuliko zote ni ya kituo kimoja cha wagonjwa wa kisukari hapa Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Sitakitaja. Daktari mwenye kituo alinijia miaka mingi nyuma akaniambia wagonjwa wake wa shamba wanasahau sindano zao za insulini, wengine wanachoma mara mbili, wengine hawachomi kabisa. Nikamwandikia programu ya kutuma meseji. Kila mgonjwa na saa zake, na kila mgonjwa na kiasi chake alichopangiwa. Asubuhi simu inalia: choma yuniti kadhaa, kisha kula. Jioni hivyo hivyo.

Ramadhani ikiingia mambo yanageuka juu chini, maana mchana mtu hali. Sindano kubwa ya asubuhi inahamia magharibi, wakati wa kufutari, na wakati wa daku, kabla ya alfajiri, mtu anachoma ndogo tu. Kuchoma ile kubwa asubuhi na huku umefunga ni hatari. Sukari inashuka mpaka mtu anapoteza fahamu. Daktari alinieleza hilo mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia nimeelewa.

Sasa programu itajuaje kama Ramadhani imeingia au imekwisha? Hapo ndipo nilipoweka kitufe. Kwenye kompyuta ya karani wa mapokezi, chini kabisa ya kioo, kitufe cha kijani kimeandikwa MWEZI. Kwetu mwezi haupigiwi hesabu. Unaonekana au hauonekani, halafu unatangazwa. Jioni ya mwezi ishirini na tisa, yaani siku ya ishirini na tisa ya mwezi, mji wote unakaa na redio, na mpaka tangazo lisomwe hakuna anayejua kama kesho ni swaumu au ni pilau. Zipo nyumba baba kafunga na mwanawe kesharudi kusali Idi, kwa kufuata nchi nyengine. Binadamu wenyewe hatukubaliani, kompyuta itajulia wapi? Basi karani akishasikia tangazo anabonyeza MWEZI, na programu inageuza saa na sindano za watu wote. Mistari kumi na moja tu, nimeiandika kwa mkono wangu. Haijawahi kukosea kwa sababu haijajifanya inajua.

Mmoja wa wagonjwa hao ni shangazi yangu wa Chwaka, dada wa baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la pili. Ana miaka sabini kasoro na bado analima mwani. Ukimwambia apumzike anakuuliza kwani kachoka lini. Simu alikuwa haiamini hata kidogo. Siku nilipomwandikisha kituoni nilimkalisha, nikamtia simu mkononi.

"Shangazi, meseji ikiingia, ni mie huyo nnakwambia. Ifuate."

"Ni weye?"

"Ni mie."

Akaridhika. Tokea siku ile hakukosa sindano hata moja. Jirani akimuuliza habari za maradhi yake anasema, "Mwanangu keshaniambia," na mazungumzo yanaishia hapo. Nami nikisikia nilikuwa navimba kichwa, siwafichi.

Halafu mwaka jana daktari akaingiwa na wasiwasi kwamba programu yake imezeeka. Nani kamtia wasiwasi huo sijui, lakini siku ya kwanza nilipoitwa niliwakuta vijana watatu wamo ofisini kwake, laptopu zao zimejaa stika hata rangi ya vifuniko huioni. Mkubwa wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, karudi masomoni ng'ambo. Akanipa shikamoo yangu, nikamwitikia marahaba, mpaka hapo sina la kumlaumu. Ila alipoifungua programu yangu, alimgeukia mwenzake akasema, "Kumbe PHP bado ipo?" Mimi nimekaa pale pale, kiti cha pili!

Wao, alinieleza, wataiandika yote upya kwa lugha iitwayo Rust. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema kutu.

Wallahi nilidhani ananitania. Mji huu kila bawaba, kila komeo, kila chuma cha dirisha kinaliwa na kutu kwa chumvi ya bahari. Mwaka mzima tunapaka mafuta na rangi tukipigana nayo, na hawa wameifunga mizigoni ng'ambo wakatuletea kwa hiari yao. Na lugha yenyewe, nilipokwenda kusoma habari zake nyumbani, niliona ni ya kuandikia mitambo mizito, vitu vya kwenda kasi visivyotakiwa kukwama hata nukta. Sisi tulikuwa tunawakumbusha wazee sindano. Ilikuwa ni kumnunulia bibi wa Kidichi lori la tani kumi apeleke mdalasini sokoni.

"Itakuwa haraka mara nyingi zaidi," kijana alimwambia daktari.

"Haraka ya kwenda wapi?" nikauliza.

Walitabasamu, lile tabasamu la adabu wanalopewa watu wazima wanaporopoka. Nikalitia moyoni.

Nilitakiwa niwakabidhi kazi. Kukabidhi, kwa anayejua maana yake, ni kukaa na mtu ukampitisha chumba kwa chumba, ukamwonyesha pale pana shimo na pale pana ngazi mbovu. Mimi nilikaa nimekunja mikono. Wakiniuliza, nawajibu kwa neno moja. Wao ndio wasomi, basi nawasome. Siku mbili zikapita hivyo, wakisoma mistari yangu na kugunaguna, mmoja wao akichekea namna nilivyotaja vitu kwa Kiswahili ndani ya programu, sindano nikaiita sindano, daku nikaliita daku. Siku ya tatu kijana mkubwa akafika chini ya kioo.

"Bi Mkubwa, na hichi kitufe cha MWEZI, kina kazi gani?"

Jibu lote nilikuwa nalo mdomoni. Redio, tangazo, mwezi ishirini na tisa, sindano kubwa na ndogo. Dakika tano zingetosha. Nikamtazama na stika zake, nikakumbuka "kumbe bado ipo".

"Cha kizamani tu hicho," nikasema. "Nyinyi si mna hesabu? Kiondoe."

"Ahsante. Tunayo maktaba inayokokotoa kalenda ya mwezi yenyewe."

Maktaba kwao si nyumba ya vitabu. Ni programu aliyoiandika mtu mwengine, wewe unaiokota na kuitia ndani ya yako. Hiyo kaiandika mtu wa nchi ya mbali ambaye hajakaa na sisi hata jioni moja kusikiliza redio. Nilijua itakosea. Kama si mwaka huu, mwakani.

"Mashaallah," nikamwambia.

Msinielewe vibaya, sikumtakia mtu maradhi. Nilichokiona akilini ni fedheha tu: salamu za Idi zimeingia kwenye simu za watu waliofunga, mji mzima unacheka, daktari ananipigia simu kwa sauti ya upole kuniomba nirudi. Niliipenda sana picha hiyo. Nilimhadithia shoga yangu, jirani yangu wa Kiponda, tukacheka wote wawili.

"Una roho mbaya weye," aliniambia.

"Sina. Wamejitakia."

Na nani atakayedhurika? Ndivyo nilivyojisemea. Mtu kafunga, meseji inamwambia ale, atacheka aiache. Nilidhani Unguja nzima hakuna mjinga wa kuifuata.

Programu ya Rust ikaanza kazi. Shangazi sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, kwamba anayemwambia si mie tena, nimeondoshwa? Nilikuwa na aibu. Nikanyamaza, naye akaendelea kuzipokea meseji akizitaja kwa jina la "mwanangu", na kila nikimpigia ananipa shukurani kwa kazi ya watu nisiowapenda. Nilizipokea.

Ramadhani ikaingia, na hesabu ya maktaba yao ikalingana na mwezi wetu. Niliudhika! Mwezi mzima meseji zilikwenda sawa, za futari kwa wakati wake na za daku kwa wakati wake, na nakiri kwamba zilifika upesi kuliko zangu. Daktari alifurahi. Mimi nikawa nahesabu siku zilizobaki, nikiungojea mwezi ishirini na tisa.

Jioni ile tulifutari kwetu, tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tukawasha redio. Tangazo likachelewa kama kawaida yake, watoto wa dada yangu wakawa hawatulii. Mwishowe likasomwa: mwezi haukuonekana, tutakamilisha thelathini. Watoto wakaguna. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Maana nilikwishaangalia kalenda ya ile maktaba yao, na kwa hesabu yake kesho ilikuwa Idi.

Asubuhi, saa moja kamili, simu yangu ikalia. Namba yangu ilikuwemo ndani ya orodha ya wagonjwa tokea zamani. Niliiweka mwenyewe ya kujaribia, mgonjwa wa uongo, na vijana wakaichukua orodha kama ilivyo bila kuuliza. Meseji ilisema: "Idi njema. Sindano ya asubuhi: yuniti 10. Kisha kula."

Kisha kula! Siku ya thelathini ya mfungo! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Nikaipiga picha nikamtumia shoga yangu, naye akajibu kwa vikaragosi vinavyolia kwa kicheko. Halafu nikaendelea na kazi zangu. Ilikuwa siku ya kutundika mapazia mapya ya Idi, nikapanda kwenye kiti na pete za pazia na ndoana. Yale maneno, sindano ya asubuhi, yuniti kumi, niliyasoma kwa macho yangu mawili nikayaruka. Nilikuwa na muda wa saa tatu na nusu na simu ya kituo naijua kwa moyo. Nilitundika mapazia.

Saa nne na nusu akanipigia jirani wa shangazi.

"Njoo Chwaka. Shangazi yako kaanguka baharini."

Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, mwezi unakaribia kuandama, maji yamekupwa mbali kabisa na wanawake wamekwenda kwenye mwani wao, kwa sababu bamvua haiahirishwi kwa ajili ya mtu. Shangazi alikuwa kwenye vigingi vyake, maji ya magoti. Jirani aliniambia alianza kutokwa jasho, akawa anazungumza maneno hayaeleweki, anamwita marehemu baba yangu, halafu akakaa. Akakaa ndani ya maji, kisha akalala. Lau si jirani huyo kumwinua kichwa, maji yale ya magoti yangetosha.

Wakamburura mpaka nchi kavu. Hapo wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni sukari imeshuka, atiwe kitu kitamu mdomoni. Mwengine akasema vipi, kafunga, na leo ndiyo ya mwisho, utamvunjia swaumu yake bure. Walibishana huku kalala mchangani macho yamegeuka. Jirani akawaambia swaumu yake ataibeba yeye, akakimbia nyumbani akakoroga sukari na maji, akamtia kidogo kidogo ndani ya shavu kwa kidole.

Nilikodi gari. Njiani nilimpigia daktari, na sijui kwa nini nilipiga kelele kama kwamba kosa ni lake. "Wapigieni wagonjwa wote! Wasichome! Kama wameshachoma, wale kitu, wale sasa hivi!" Alikuwa bado hajajua. Wa kumwambia nilikuwa mimi, tangu saa moja.

Nilimkuta shangazi nyumbani kwake, kitandani, muuguzi wa kituo cha afya kamtundikia dripu kwenye msumari wa chandarua. Alikuwa amezinduka. Uso umemwingia ndani, kanga bado mbichi kwa maji ya chumvi kwa vile alikataa kubadilishwa mbele za watu. Aliponiona alijaribu kuinuka.

"Nimekula," akaniambia. Hilo ndilo lililomuuma. "Siku ya thelathini, mwanangu. Nimekula."

"Shangazi, kwa nini ulichoma?"

Akanitazama kwa mshangao, akanieleza taratibu, kama anayeeleza jambo lililo wazi. Wakati wa daku alisubiri meseji yangu, haikuja. Akala daku lake, akasema mwanangu leo kachelewa, labda amelala, ana kazi nyingi. Hakuchoma, maana sijamwambia. Saa moja meseji ikaingia. Akasema hii ndiyo ile ya daku, imechelewa njiani.

"Lakini imeandikwa Idi njema!"

"Nkasema umenitakia mapema. Si watu wanatakiana tangu jana?"

"Na yuniti zako ishirini na nne za asubuhi? Si unajua ya daku ni sita?"

"Nkasema daktari kabadilisha, na weye ndio ushaambiwa."

"Imeandikwa kisha kula, shangazi."

"Nshakula daku. Na sindano haifunguzi, mlinambia wenyewe. Kinachofungua ni chai." Akapumzika kidogo. "Nilidhani ni weye."

Muuguzi akamwambia anyamaze. Mimi nikatoka nje, nikasimama ukutani, na nilitaka kumtukana mtu. Nilianza na vijana, na stika zao, na kutu yao. Sikufika mbali.

Karani wa kituo alimaliza kuwapigia wagonjwa wote kabla ya adhuhuri. Waliipata meseji ile wote. Wote wakacheka, au wakasonya, wakaiacha. Hakuna aliyechoma ila mmoja. Yule mjinga niliyesema hayupo Unguja nzima alikuwa wangu, na nilimfundisha mwenyewe.

Siku ya tatu ya Idi tuliitwa ofisini kwa daktari. Nilikuwa nimejitayarisha maneno, na mwanzoni niliyatoa. Niliwaambia kwamba lugha yao ya mitambo haikujua hata Idi ni lini, kwamba wameokota hesabu za watu wasiotujua wakaziamini kuliko redio ya nyumbani kwao, kwamba wana haraka ya kwenda wasikokujua. Kila neno lilikuwa kweli. Vijana wawili waliinama. Yule mkubwa hakuinama. Macho yalikuwa mekundu, lakini alinitazama.

"Bi Mkubwa, nilikuuliza," akasema. "Uliniambia nikiondoe."

Daktari akageuka kunitazama. Ningeweza kukana, hapakuwa na shahidi ila wao, na nani angewaamini? Nikasema, "Kweli. Aliniuliza."

Basi nikakaa nao, safari hii kweli. Nikawaeleza redio, tangazo, nyumba zenye Idi mbili, sindano kubwa na sindano ndogo. Kijana alisikiliza, akaandika, akauliza maswali, na yalikuwa maswali ya mtu mwenye akili. Kisha akakirudisha kitufe kwa ile Rust yake, kwa muda ambao chai yangu haijapoa. Kinafanya kazi. Kinafanya kazi vizuri tu, sina cha kusema. Na kabla hajafunga laptopu yake akaongeza jambo ambalo mimi kwa miaka yote sikulifikiria: sindano ikiwa imebadilika ghafla, meseji haitoki mpaka muuguzi wa pale kituoni aidhinishe. Nilitamani kulibeza nikakosa pa kushika. Bado sipendi stika.

Wiki ile ile shangazi alinipigia asubuhi. Alikuwa amerudi kwenye sindano zake za kawaida.

"Meseji imeingia," akasema. "Ni weye?"

Kwa mara ya kwanza nikamwambia ukweli. "Si mie, shangazi. Si mie tokea kabla ya Ramadhani. Kuna vijana wanaandika. Lakini nimewakagua, iko sawa."

Nikamsikia anashusha pumzi, kwa faraja. "Kumbe! Na ile ya siku ya thelathini, ni wao?"

"Ni wao."

"Nilijua. Nliwaambia watu hapa, mwanangu hawezi kufanya vile."

Angeridhika na hilo mpaka anakufa. Nilisimama dirishani, mapazia ya Idi yako usoni mwangu, nikayashika.

"Mie nilijua itakosea, shangazi. Waliniuliza nkawadanganya kwa chuki. Na meseji ile niliipata mie pia, saa moja, kabla hujenda baharini. Niliisoma."

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka."

Nilisikia kuku wake, nikasikia mtu anapita njiani anamtolea hodi, naye hakumwitikia. Nilingoja anitukane. Ana ulimi mkali akitaka, mimi nimeurithi kwake.

"Hii ya leo inasema ishirini na nne," akasema mwishowe.

"Ndiyo, shangazi. Ishirini na nne ndiyo sawa. Choma, kisha ule."

"Haya," akasema. "Ngoja nkamuulize muuguzi." Akakata simu.